Sauti Moja

Huku kwetu filamu za kigeni hazitiwi midomo mipya.
Bwana mmoja, sauti yake kavu kama mkate wa juzi,
huwasemea wote:
jambazi na askari,
bibi harusi anayeghairi mlangoni,
mtoto aliyepotea sokoni,
hata kasuku.
Hapandishi, hashushi.
Nyuma yake, kwa mbali, unawasikia wenyewe
wakilia kwa lugha yao.

Shemeji yangu Rasmus, mtu wa Denmaki,
siku ya kwanza aliuliza: "Huyu bwana hachoki?
Hana mke wa kumpokea hata maneno ya wanawake?"
Tukamwambia nyamaza, tunasikiliza.

Jumapili, Chełm, ghorofa ya nne.
Lifti mbovu tangu Novemba, theluji imegeuka tope.
Mama ametandika magazeti mezani, anamenya bitiruti,
wekundu umempanda mpaka viwikoni.
Baba kitini, rimoti inapanda na kushuka juu ya tumbo lake.
Binti yangu Jagoda amelala kifudifudi zuliani
na kitabu anachokisoma wakati wa matangazo tu,
kwa hiyo shujaa wake, anasema,
ananing'inia kwenye kamba tangu Ijumaa.

Nami nina changu, cha maktaba,
jalada limetiwa gundi mara mbili.
Kuna mtu amekipitia kwa penseli.
Kila mume anaposamehewa, pembeni pameandikwa: si kweli.
Ukurasa wa arubaini, si kweli.
Wa tisini na moja, si kweli, na mstari chini yake.
Nilitamani kumjua mtu huyo,
ninywe naye chai, nimuulize kisa.
Kwenye wa mia mbili na kumi na mbili nikaitambua ile r
iliyoinama kama mtu anayefunga kiatu.
Ipo kwenye kila orodha ya dukani niliyopewa maishani.

Baridi ya mwaka tisini na nne Baba hakuwepo.
"Yuko kazini mbali," Mama alisema.
"Anawasalimu. Anauliza kama mnasoma."
Simu hatukuwa nayo. Barua sikuiona.
Theluji ilipoyeyuka akarudi, amekumbatia televisheni,
na Mama akatuambia, "Baba yenu amefurahi kurudi,"
naye Baba amesimama palepale, kofia inadondosha maji.
Alifunika kombe, aliyepita akapita.
Tangu hapo amewasemea wote nyumbani humu:
baba yako anakuonea fahari, ni vile tu hajui kusema;
kaka yako hakukusudia;
mimi? Mimi sina neno.
Hapandishi, hashushi.

Leo filamu ni ya Wareno. Katikati yake
sauti ya yule bwana ikakatika.
Picha ipo, watu wapo, yeye hayupo.
Mwanamume yuko mlangoni na sanduku,
mwanamke yuko ndani, ufagio mkononi,
wanasema mengi, kwa lugha yao, uchi.
"Anasemaje?" Jagoda akauliza.
Kimya. Kisha Baba, ambaye humaliza siku kwa maneno sita:
"Anaomba radhi."
Mama hakuinua macho. "Haombi."
"Anaomba, Bogumiła. Mtazame."
Kisu kikasimama. Akatazama. Akatazama sana.
"Anauliza," akasema, "kama kuna supu."
Tukacheka. Baba naye akacheka,
akaendelea kidogo baada ya sisi kunyamaza,
akajifuta macho kwa mkono wa sweta.
Sauti ikarudi katikati ya neno.
Hatutajua.

Jumanne ni siku ya kurudisha kitabu.
Nilikiacha mezani niliposhusha taka.
Ule ukurasa sasa una alama ya kidole gumba, nyekundu,
juu ya neno lile,
na penseli imefifia hapo.
Kidogo tu.